Kitanda cha Mkwaja Mkutanoni Tanga

Mmeniuliza yaliyonikuta Tanga, na kila nikianza kusimulia mnanikata kauli. Huyu anataka kujua nilikula nini, yule anadai alisikia vingine kutoka kwa mtu wa Kipumbwi. Nimeona heri niandike. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee kusikiliza uwongo wa Kipumbwi. Habari za mwaliko na nani aliandikisha jina langu nimeziacha, hazina ladha.

Ila jambo moja mlijue kwanza, maana wengine wenu tuliwaficha. Mimi na shemeji yangu Bakari, ndugu wa mke wangu, tulikuwa tumekwisha kuandikisha majina kwa karani wa mkonge, twende tukawe vibarua shambani. Karakana yetu ya useremala ilikuwa imelala. Watu wanaoa bado, alhamdulillahi, lakini wanataka vitanda vya chuma vinavyokuja kwa meli. Lori la mkonge lilikuwa lije Mkwaja siku ya Ijumaa baada ya sala. Nikamwambia mke wangu Mwanahamisi, "Nakwenda Tanga kwenye mkutano wa mafundi na zana yangu. Nikirudi na kazi, tunabaki. Nikirudi mikono mitupu, mimi na kaka yako tunapanda lori." Aliingia jikoni akaanza kukuna nazi, na kwa jinsi alivyoikuna nilijua kuwa nazi ile ni mimi.

Zana yenyewe ni kalibu. Ni kibweta cha mninga kisicho na kifuniko wala kitako. Unakivisha kwenye mguu wa kitanda, yaani tendegu, kikakaa bila kucheza. Ubavuni kina matundu. Unapitisha keke mlemle, unatoboa, unamalizia kwa patasi, na kila tendegu linatoka na tundu lake mahali palepale na kwa ukubwa uleule. Desturi yetu mnaijua: fundi huchonga tendegu na ubao wake, akavitia alama, chale moja kwa chale moja, mbili kwa mbili, na siku ya kuhama nyumba ukizichanganya chale, familia nzima inalala chini. Mimi nilitaka tendegu lolote liingiane na ubao wowote. Miaka miwili nimehangaika nalo jambo hili. Bakari alikuwa akisema nimerogwa.

Kwa miguu hadi Kipumbwi

Tulitoka Jumamosi alfajiri, mimi mbele, Bakari nyuma, mzigo mabegani. Nilichukua kitanda kizima kilichofunguliwa: matendegu manne, mifumbati miwili, yaani zile mbao ndefu za ubavuni, na mbao mbili fupi za kichwani na miguuni. Vyote tulivifunga juu ya ubao mmoja. Mwanahamisi alivizungushia mkeka, kisha akafunika kwa shuka yake nyeupe ya akiba ili umande usiuharibu mti. Kalibu niliibeba mwenyewe kwenye kikapu pamoja na keke na patasi.

Njia ya ufukoni ni raha maji yakipwa na ni adhabu yakijaa. Sisi tuliikuta adhabu. Kabla ya Kipumbwi tulikaa juu ya mchanga tangu jua la mtikati mpaka linaanza kupoa, tukingoja mdomo wa mto upitike. Tulikula mkate wa mchele na samaki wa kukaanga, tukamaliza, tukaangaliana.

"Shemeji, nikuulize?" akasema Bakari.

"Uliza."

"Hao mafundi wa Tanga wana mashine. Utawaonyesha nini wewe na kibweta chako?"

"Nitawaonyesha kibweta."

"Wakicheka?"

"Wakicheka watakuwa wamekwisha kukiona."

Nilijibu kiume, lakini nilikuwa nikimfikiria yeye. Bakari hajui kazi nyingine isipokuwa hii niliyomfundisha. Kifua chake kinambana akivuta vumbi, na vumbi la mkonge sote tunalijua. Mimi ningelistahimili. Yeye nilikuwa na wasiwasi naye sana, na sikuthubutu kulisema hilo mbele yake.

Lori la mbata na dereva mwenye mashangazi

Tulilala Kipumbwi kwa mkulima wa minazi aliyetupa uji na mahali pa kujinyoosha. Jumapili asubuhi likaja lori la mbata. Bakari alinisaidia kupakia, akaniambia, "Ukishindwa sitakucheka," kisha akageuka kwenda zake bila kungoja jibu. Nilipanda nikakaa juu ya magunia, na mpaka leo kanzu yangu inanuka mafuta ya nazi.

Dereva alikuwa Mdigo mmoja mcheshi, na kosa lake ni moja tu: kila kijiji alikuwa na shangazi. Hawezi kumpita shangazi bila kusimama, na akisimama hawezi kuondoka bila kuketi. Kwa shangazi wa kwanza tulikunywa chai. Kwa wa pili tulipewa muhogo wa nazi, na sikuukataa. Kwa wa tatu nilipiga kelele kule juu kwamba mimi nina mkutano Tanga.

"Mkutano wa nini?" akauliza dereva.

"Wa mafundi. Tunazungumzia zana."

"Zana zina mazungumzo gani? Nyundo ni nyundo."

"Na lori ni lori," nikamwambia, "lakini hili lako halipiti mlango wa shangazi."

Alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili, kisha akasimama kwa shangazi wa nne.

Tulifika Bweni, mkabala na Pangani, jua limekwisha kuvuka kichwa. Utingo alinishushia mzigo akaulaza kwa adabu kando ya njia ya pantoni. Nikaenda kunawa uso mtoni. Niliporudi nilikuta wanaume kama kumi wameuzunguka, kofia zimekaa sawasawa, kimya. Mmoja akanipa mikono yake yote miwili akasema, "Pole, bwana. Mola akupe subira."

"Amina," nikajibu. Kweli safari ilikuwa imenichosha, na subira mimi sina.

Pantoni lilikuwa na gari moja, mbuzi, akina mama na matenga ya samaki, hakuna pa kuweka mguu. Lakini mzigo wangu ulipokaribia, watu wote wakasogea. Mwenye mbuzi akawavuta mbuzi wake. Mwenye gari akashuka akasimama wima. Nikajisemea moyoni kwamba watu wa Pangani wameendelea sana, wanaijua thamani ya useremala.

Msiba nyumbani kwa Salehe

Ng'ambo, kabla sijainama kuubeba, mabega manne yalikuwa yamekwisha kuingia chini ya ubao.

"Tunaelekea wapi?" akaniuliza mzee mmoja mwenye ndevu za hina.

"Kwa Fundi Salehe, nyuma ya soko."

Mzee akafumba macho. "Kwa Salehe! Inna lillahi."

Salehe ni rafiki yangu, tulifundishwa useremala na mwalimu mmoja, na tulikuwa tumepatana kwenda Tanga pamoja. Kwa mshangao wa yule mzee nilidhani Salehe siku hizi amekuwa mgumu kwa wageni.

Wakaondoka kwa mwendo wa haraka, wakipokezana kila hatua chache. Wenye maduka wakasimama milangoni. Aliyekuwa akinywa kahawa aliacha kikombe akaja kutia bega lake. Waliposema "La ilaha illa Llah" nami nikasema, kwani nani atasikia hivyo akae kimya? Tulipofika kwenye kona ya soko ndipo nilipoutazama mzigo wangu kwa jicho la mtu mwingine. Ulikuwa na urefu wa mtu mzima, umelazwa juu ya ubao, ndani ya mkeka, chini ya shuka nyeupe.

Wallahi nilifungua mdomo niseme. Lakini wakati huohuo mke wa Salehe, Bi Mwanaidi, alitokea mlangoni, akaona jeneza na umati unaelekea kwake, na mumewe hakuwa machoni pake. Ukelele alioutoa uliwatoa majirani wote. "Salehe wangu! Asubuhi alikuwa mzima! Asubuhi amekula!" Wanawake wakaanza kulia. Mimi nikaanza kupunga mikono, na wao wakanishika wakidhani nimezidiwa na majonzi.

Hapo Salehe akatokea uani, suruali imekunjwa, kopo la maji mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe!" akajibu yule mzee wa ndevu za hina, kabla hajafikiri.

Sitawaficha kilichofuata. Nilikata kamba, nikavua shuka, nikafunua mkeka, na tendegu moja likabingirika mpaka miguuni pa Bi Mwanaidi. Watu wakalitazama.

"Tumebeba kitanda," akasema mzee.

"Naam, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na aliisema kama mtu anayetema mbegu.

Kijana mmoja akauliza kama thawabu ya kubeba jeneza wataipata. Mzee akalifikiria jambo hilo kwa makini. "Nia ilikuwa ya maiti, thawabu ipo," akaamua. "Lawama ni za mwenye shuka." Salehe ndiye aliyeanza kucheka, akakaa kizingitini na kopo lake akicheka mpaka machozi yakamtoka, na wengine wakafuata. Bi Mwanaidi hakucheka. Alimpiga mumewe ngumi ya bega kwa kosa la kuwa hai bila taarifa, kisha akaingia ndani akalia tena peke yake. Mimi hilo lilinichoma, nikamfuata mlangoni nikamwomba radhi, akaniambia niende nikamtafutie kuni.

Majirani walikuwa wamekwisha kuleta mchele wa matanga, na hakuna aliyekubali kurudi nao nyumbani. Ukapikwa. Samaki wa kupaka akapatikana, mimi sijui alitoka wapi. Waliobeba walikula, walioliwaza walikula, na mzee wa ndevu za hina alikula kuliko wote.

Basi lililochoka Tongoni

Jumatatu tulipanda basi kwenda Tanga. Salehe aliichukua ile shuka akaikunja kikapuni, akakifunga kitanda ndani ya magunia na kukiandika kwa makaa pande zote mbili: MBAO. Njia nzima alikuwa akinionya. "Usifungue kikapu chako haraka. Fundi haonyeshi zana yake mbele ya fundi. Utarudi nyumbani na wao watakuwa nayo."

"Sasa tunakwenda mkutanoni kufanya nini?"

"Kuona zao."

Tulipokaribia Tongoni gurudumu likapasuka, na la akiba likakutwa nalo limepasuka tangu wiki iliyopita. Dereva akapanda baiskeli ya mtu kwenda kutafuta msaada. Tulinunua madafu, kisha vitumbua kwa mama mmoja wa makamo, Bi Tatu, ambaye aliposikia kuwa sisi ni maseremala alituambia kwamba hatutaondoka Tongoni kabla hatujamtazamia kitanda chake. Kilikuwa na tendegu moja lililooza, amelikingia jiwe.

Niliona ni bahati. Nilikuwa na matendegu manne yaliyopita kwenye kalibu, nikatoa moja nimpe. Lakini ubao wa kitanda chake ulikataa. Ule ulimi wa ubao, yaani ncha inayoingia tunduni, ulikuwa mnene kuliko tundu langu. Nikauchonga kidogo kwa patasi, ukaingia, nikamlaumu fundi aliyekitengeneza, marehemu wa watu, kwamba hakujua kazi. Bi Tatu akatulipa kwa vitumbua vya kujaza kofia. Nikachonga tendegu jingine kwa mti alionipa, nikalipitisha kwenye kalibu, idadi ikatimia. Basi lilipokuwa tayari, ilikuwa alasiri. Nilipanda nikiwa na furaha kama mtu aliyefanya mtihani akafaulu, kumbe mtihani ulikuwa umenionyesha kosa langu nami sikutazama.

Tanga: masanduku yaliyofungwa

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la mbao la Bwana Nassor, mtu wa asili ya Omani ambaye babu yake alizaliwa Pangani. Alikuwa mwembamba, mpole, na akili yake ilikata kuliko misumeno yake. Tulikuja mafundi ishirini na kitu, kutoka Tanga mjini, Muheza, Pangani, Tongoni, na kutoka Mkwaja mimi peke yangu.

Jumanne asubuhi tulikaa kwenye mikeka, kila mmoja na sanduku lake mbele yake, mimi na kikapu changu, na vyote vimefungwa. Bwana Nassor alituomba tuonyeshane zana. Kila mtu akamwangalia mwenzake. Tukazungumzia hali ya hewa. Tukazungumzia minazi. Fundi mmoja wa Muheza alikaa juu ya sanduku lake kabisa, kama kuku anayeatamia.

Bwana Nassor hakugombana na mtu. Aliagiza kahawa na sinia mbili za halwa, ikaja imewiva, inatetemeka, iliki inanukia ghala zima. Akasema, "Mafundi, halwa itawekwa mbele ya kila sanduku lililo wazi." Kisha akaketi, akaanza kuila yeye.

Nilikuwa wa kwanza. Salehe alinifinya paja, lakini mimi sikutoka Mkwaja kwa miguu nije kuitazama halwa. Nikafungua kikapu. Wa pili alikuwa yule wa Muheza, na ndani ya sanduku alilolikalia mlikuwa na keke ya ajabu: ameivisha kitovu cha gurudumu la baiskeli, inazunguka laini bila kukwama, unatoboa mninga kama unatoboa papai. Tulipiga ukelele. Basi yakafunguka yote. Mchana kutwa tuligombana kama meno ya msumeno yaelekee kuvuta au kusukuma, na mzee mmoja wa Tanga akaapa kwamba msumeno wa kusukuma humzeesha mtu mgongo. Sijawahi kuona watu wazima wakigombana kwa furaha kama ile. Usiku huo nililala nikiwa na marafiki ishirini ambao asubuhi walikuwa wananikazia macho.

Kidole cha nani?

Jumatano akaja mtu tuliyekuwa tukimngoja, mwalimu mkuu wa shule mpya ya bweni. Alihitaji vitanda themanini. Alisema waziwazi kwamba ameshauriwa kuagiza vya chuma, lakini angependa kazi ibaki pwani kama mafundi wataweza jambo moja. Vitanda vitafunguliwa kila likizo na kufungwa tena na wavulana, na wavulana hawatajua chale moja wala mbili. Kila tendegu liingie kila kitanda.

Nilisimama. Nilieleza kalibu yangu kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa, na Bwana Nassor akasema ijaribiwe. Matendegu yangu yawekwe pale, na mbao zichongwe na fundi mwingine. Aliyechaguliwa alikuwa Fundi Hemedi, bingwa wa Tanga mjini, mtu mkubwa, mikono kama makasia, na ulimi wa kutania asioweza kuufunga. Alichonga mifumbati miwili upesi, kazi safi, siwezi kumwibia haki yake. Akaleta, akauchomeka wa kwanza.

Haukuingia.

Akagonga kwa nyundo, nusu ukaingia. Akagonga tena, na tendegu likapasuka toka juu hadi chini, mlio ukasikika ghala zima. Kuna waliocheka. Mwalimu mkuu akafunga daftari lake taratibu. Akasema atarudi baada ya alasiri kutuaga.

Niseme kweli, nilitaka kumrukia Hemedi. Damu ilinipanda, nikamwambia mbele za watu kwamba ameuchonga mnene makusudi. Salehe akanivuta. "Acha hasira. Muulize amepimaje."

"Nimepima wanda mmoja," akasema Hemedi, "kama baba yangu alivyonifundisha. Kama wewe ulivyofundishwa." Akauweka wanda wake, upana wa kidole chake, juu ya ulimi wa ubao. Sawasawa kabisa. Kisha akanishika mkono, akaweka kidole changu kando ya chake. Changu kilikuwa kama cha binti yake.

Nikamkumbuka Bi Tatu wa Tongoni na marehemu niliyemtukana. Miaka miwili nilikuwa nimelinyoosha tundu, na ulimi nikauacha upimwe kwa kidole cha kila mtu. Nyumbani halikuonekana kosa, maana mimi na Bakari tunapima kwa kidole kimoja, changu. Niliketi chini. Nilimwona Bakari yuko juu ya lori na nguo zake kwenye fundo, na nikakata tamaa kwa muda kama wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Kisha nikasimama tena, nikamwomba Hemedi radhi, nikasema kinachotakiwa ni kalibu ya pili, ya ulimi, na sote tukubaliane upana mmoja. Hapo ndipo ghasia ilipoanza. Watu wa Tanga walitaka kidole cha Hemedi kwa kuwa mji ni wao. Muheza wakataka cha mwenye keke ya baiskeli. Salehe, rafiki yangu mwenyewe, akanyoosha chake juu akidai ndicho cha wastani. Vidole ishirini vikawa hewani, kila mtu akikisifu chake.

"Basi tupime kwa kidole cha nani?" akanguruma Hemedi. "Cha Gavana?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

"Kidole cha Gavana hatuna," nikasema, "lakini senti yake tunayo sote."

Nikatoa mfukoni senti tano, ile ya tundu katikati. Nikawaambia kila mtu atoe yake. Zilikuwako za zamani zilizochakaa na mpya zinazong'aa, za mfalme huyu na yule, na za Malkia. Bwana Nassor akaleta msumari mrefu. Tukazitunga zote kwenye msumari mmoja, ishirini na mbili, akazibana akapitisha ukucha wake ubavuni toka mwanzo hadi mwisho. Ukucha haukukwama popote. Akampa Hemedi, naye akafanya vilevile, akarudia.

"Laa!" akasema Hemedi. "Tumekuwa tukitembea na kipimo mfukoni tukinunulia kahawa."

Baada ya adhuhuri hakuna aliyekula. Nilichonga kalibu ya pili kwa mninga wa Bwana Nassor: mlango mwembamba wenye upana wa senti tano, ulimi ukipita bila kucheza na bila kusukumwa, umefaa. Nikapanua matundu ya ile ya kwanza yalingane. Hemedi aliukataa mfumbati wake wa kwanza akauchonga upya. Salehe akachonga mwingine. Wa Muheza akatoboa matendegu kwa keke yake ya baiskeli, na watu wa Tongoni wakachonga mbao fupi. Kazi ilitembea kutoka mkono hadi mkono, na hakuna aliyetia chale hata moja.

Baada ya alasiri mwalimu mkuu akarudi akiwa na kofia mkononi, tayari kuaga. Bwana Nassor alikuwa na vitanda viwili vya vipande sakafuni. Akavivuruga vyote kwa mguu, akamwambia mwalimu mkuu, "Funga wewe."

"Mimi? Mimi si fundi."

"Ndiyo maana."

Yule bwana akapiga magoti. Akachukua tendegu lolote na ubao wowote. Akasukuma kwa kiganja, ukaingia. Akachukua kingine, kikaingia. Hapakusikika nyundo. Alipomaliza kitanda cha kwanza, Hemedi akapanda juu ya mfumbati na uzito wake wote, akasimama, akaruka. Kitanda hakikulia hata kidogo. Tuliolia ni sisi. Mafundi wazima, wenye ndevu, tulikumbatiana tumejaa vumbi la mbao, na Salehe akanibeba mgongoni akanizungusha ghalani. Hemedi akapaza sauti kwamba zana hii jina lake ni Kalibu ya Mkwaja, na atakayeiita vingine atapambana naye.

Mwalimu mkuu aliandika palepale. Mbao Pangani na Tongoni, kufunga na kusuka kamba Tanga, na matendegu yote, mia tatu na ishirini, Mkwaja. Kabla ya magharibi kila fundi alikuwa amekwisha kunakili kalibu zangu. Salehe akaninong'oneza kama siioni hasara. Nilimwambia nimewaona watu ishirini wakiishika kazi ya akili yangu kwa heshima, na kwamba nimeshiba.

Kurudi

Alhamisi basi halikupasuka kitu, nami nikashindwa kuamini. Ijumaa nilivuka na pantoni la kwanza, kikapu tu mkononi, na mzee wa ndevu za hina akanisalimu kutoka ng'ambo kwa kuuliza maiti anaendeleaje. Lori la mbata lilikuwa na dereva yuleyule. Nilimweleza yaliyokuwa yakiningoja nyumbani. Aliwapita mashangazi wanne akipiga honi tu, na kwa kila mmoja alikuwa akishika kifua kwa uchungu.

Kutoka Kipumbwi nilikwenda nusu mbio. Adhuhuri niliisali njiani, sala ya msafiri. Maji yalikuwa yamepwa. Nilipoingia Mkwaja sala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha zamani, na lori la mkonge lilikuwa limesimama mbele ya msikiti, limejaa watu. Bakari alikuwa amekaa ukingoni, fundo lake magotini. Lakini lori halikuwa na karani.

Karani nilimkuta barazani kwangu, kwenye mkeka, amenawa mikono, anatazama saa yake. Jikoni Mwanahamisi alikuwa ameinama juu ya chungu. Chini yake kulikuwa na kijinga kimoja cha moto, kidogo kuliko cha kuwashia sigara.

"Tangu adhuhuri namwambia wali haujaiva," akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Kisha akageuka. "Enhe?"

"Matendegu mia tatu na ishirini," nikamwambia.

Akakaa chini palepale penye majivu. Alifunika uso kwa upande wa kanga, na nilimwona mabega yanavyotikisika, nami nikalia, siwafichi.

Kisha nikatoka mpaka kwenye lori. Bakari aliniona nikija, akaangalia pembeni, maana alikuwa ameahidi kutocheka na hakutaka hata kuonekana kuuliza.

"Shuka," nikamwambia.

Hakuelewa.

"Shuka, Bakari! Kazi ipo, na peke yangu sitaiweza. Na humo ndani, nani mwingine anajua kushika msumeno?"

Bakari aliruka na fundo lake kabla sijamaliza, akanishika shingo, na nyuma yake wakashuka wengine watatu. Karani alikuja mbio kutoka barazani akipiga kelele kwamba majina yamekwisha kuandikwa, hayafutiki, yeye ataambiwa nini huko mkongeni?

Mwanahamisi alikuwa amesimama mlangoni, amefuta uso, mwiko mkononi.

"Rudi ukae, bwana karani," akamwita. "Wali umeiva."